Maziwa ya Saa Sita Mchana

Wiki ya pili tangu nistaafu, mmoja wenu mliobaki kliniki alinipigia simu hapa nyumbani Ngokolo kuniuliza yale matofali yaliyo chini ya kitanda cha dirishani ni ya nini, maana fundi aliyekuja kupaka rangi alitaka kuyatupa. Nilimwambia asithubutu, nikakata simu, kisha nikakaa na hasira mpaka chai ikapoa. Sikumkasirikia yeye. Nilijikasirikia mwenyewe kwa kuondoka na mambo mengi kichwani huku nikiwaachia matofali bila maelezo. Kwa hiyo naandika. Habari za vyeo na mishahara waulizeni wengine, wanazikumbuka vizuri kuliko mimi.

Nililetwa kliniki ya kifua kutoka wodi ya wazazi. Kule mtu akipiga kelele ni dalili kwamba mambo yanaenda. Kwenye kifua watu hawapigi kelele, hawana pumzi ya kupigia. Hospitali yetu ilikuwa kwenye mji wa machimbo upande wa Geita, na siku ile ya kwanza benchi lilikuwa limejaa wanaume wenye mabega mapana na vifua vilivyoisha. Wachimbaji wadogo kule hujiita apolo. Apolo hata akiumwa anakaa kama anasubiri kuitwa shimoni, mikono juu ya magoti, macho mlangoni.

Aliyenipokea ni Mzee Rwechungura, muuguzi Mhaya aliyekuwa amebakiza miaka michache kustaafu. Alifungua madirisha yote ingawa palikuwa na baridi, akanikabidhi kikopo cha makohozi chenye kifuniko, akaniambia nikifungue nitazame. Nikageuza uso. Akasema kwa upole kabisa kwamba kama siwezi kutazama nirudi kwa watoto wachanga, kule wananukia vizuri. Nikatazama. Ndiyo ilikuwa shule yangu: meupe mepesi, ya njano, ya kijani mazito, yenye michirizi ya damu, yanayonuka na yasiyonuka. Mzee alikuwa anasema makohozi hayana adabu, kwa hiyo hayadanganyi. Mgonjwa ana adabu.

Kuhusu adabu hiyo alinifundisha jambo ambalo nimelitumia mpaka siku ya mwisho. Alinikataza kumuuliza mtu kama amemeza dawa. Ukimuuliza hivyo, hasa mtu wetu wa Usukumani, atakujibu ndiyo, kwa sababu wewe ni mgeni wake hata kama yeye ndiye aliyekuja kwako. Muulize anamezaje, ameketi wapi, nani yupo. Mimi ni Msukuma wa Shinyanga na mwanzoni niliona Mzee anatutania, kama kawaida yake. Kisha akaja babu mmoja kutoka Maganzo, mchekechaji wa almasi aliyekuwa anaishi kwa mwanawe pale mjini, ambaye kwa majuma mengi alinijibu "ndiyo, Sista" na kifua hakibadiliki. Nilipomuuliza anamezaje, akanieleza bila wasiwasi: kidonge kimoja chake, kimoja cha kaka yake, kwa sababu kaka naye anakohoa na haifai kula peke yako. Mzee Rwechungura hakumgombeza. Alimwambia tu, kesho njoo na kaka.

Sasa matofali. Wengi mnaowaona pale hawana tena kifua kikuu. Walikuwa nacho, wakatibiwa, wakapona, na kipimo kinasema hivyo kila kikirudiwa. Lakini mapafu yaliyoumizwa na ugonjwa ule, na vumbi la mawe juu yake, njia zake za hewa hupanuka na kulegea kama mfuko wa suruali uliochakaa. Uchafu unatuama humo na vijidudu vinaweka makazi. Mtu kama huyo atakohoa kila asubuhi ya maisha yake. Atatumia antibiotiki kozi hadi kozi, wakati mwingine miezi mfululizo, na atapata nafuu, lakini kuambiwa umepona, nenda nyumbani usirudi, hilo hatalisikia. Majirani hawaelewi. Wanasikia kikohozi, wanamtengea kikombe.

Kwa hiyo unainua miguu ya kitanda kwa matofali, mgonjwa analala kichwa kikiwa chini kuliko kiuno, upande huu kisha ule, na uchafu unateremka wenyewe. Hilo si la kila mtu. Mwenye kutema damu au mwenye moyo mbovu usimlaze hivyo. Halafu ile chupa ya maji yenye kipande cha mpira ambayo mwingine wenu alidhani ni ya kumwagilia maua: mgonjwa anapuliza kupitia mpira, maji yanatoa mapovu, na ule mtikisiko unabandua makohozi. Watoto wanaipenda. Watu wazima wanaona aibu siku ya kwanza, siku ya pili wanashindana.

Mzee Rwechungura alistaafu akarudi Bukoba, nikabaki na matofali yake. Ndipo akaja Jilala.

Jilala alikuwa amefanya kazi kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, ambako mtu anatoka jioni mweupe hata kope. Kifua kikuu kilimpata mara mbili na mara zote mbili alimaliza dawa. Alipofika kwangu alikuwa ameacha machimbo na kurudi kwao, kijiji cha wafugaji si mbali na mji, kwa mama yake mzazi, Bibi Minza, na mkewe tuliyemwita Mama Limi kwa jina la binti yao. Alikuwa mtu mrefu mwenye utani. Alijiita mashine mbovu, akisema karasha limehamia kifuani mwake na halilipwi. Lakini alikuwa anasimama mara mbili kutoka getini hadi mlangoni kwetu kuvuta pumzi, na kikopo chake cha asubuhi kilijaa kijani mpaka juu.

Tulipima kifua kikuu, hakipo. Makohozi yakapelekwa kuoteshwa maabara, majibu yakarudi na jina la kijidudu pamoja na dawa inayokiua. Vidonge vyenyewe tulikuwa navyo, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Akapewa kozi. Hakuna kilichobadilika. Akapewa tena, ndefu zaidi. Kikopo kikabaki kilekile. Tukarudia kuotesha na maabara ikajibu vilevile: dawa hii inakiua. Kwenye chupa ya maabara ilikiua, kifuani mwa Jilala haikiui.

Daktari wetu wa wakati ule alikuwa kijana mpole, na alifikiri kama ambavyo yeyote angefikiri. Kama dawa inaua mdudu na mdudu hafi, basi dawa haifiki. Kwenye machimbo antibiotiki zina soko, watu wanauziana vidonge kwa reja kama karanga. Akaniambia nimuulize Jilala taratibu vidonge vinakwenda wapi. Nikamuuliza taratibu. Jilala akacheka mpaka akakohoa, kisha akainuka akaenda zake, na niliona kwamba nimemuumiza. Wiki iliyofuata hakuja yeye, alikuja Mama Limi peke yake.

Mama Limi alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alisubiri benchi liishe, akaingia, akaniamkia, akakataa kiti. Akaniambia anampa mumewe vidonge kwa mkono wake, asubuhi na jioni, na anamtazama mpaka vimeshuka.

"Sista, nikidanganya, anayekufa ni mume wangu," alisema. "Nadanganya ili nipate nini?"

Halafu akanieleza lililomleta. Baba wadogo wa Jilala walikuwa wamekaa kikao. Wamesema dawa za hospitali zimejaribiwa vya kutosha na zimeshindwa, na sasa hospitali yenyewe inamwita mwizi wa vidonge. Kozi hii ikiisha bila nafuu, anahamishiwa kwa mganga huko mbali, ng'ambo ya mto, na masharti ya mganga ni kwamba mgonjwa aingie bila kidonge hata kimoja. Jilala mwenyewe ameshakubali. Amechoka kuonekana mwongo. Mama Limi alijua, na mimi nilijua, kwamba akiondoka hivyo, kwa kifua kile, hatutamwona tena.

Nilimwamini. Kama nimejifunza kitu kwenye kazi hii ni kutambua mtu anayesema kweli akiwa amechoka. Kwa hiyo jibu lilikuwa kwenye swali la Mzee Rwechungura: anamezaje? Lakini nilikuwa nimeshauliza na nikajibiwa, kwa mkono wa mke, ameketi mlangoni, mama yupo. Zaidi ya hapo ilibaki kwenda kuona. Nikamuomba Daktari ruhusa, akanipa, akaongeza kwa haki kabisa kwamba angefurahi kuonekana amekosea.

Nilipanda bodaboda alfajiri ili nikute kidonge cha asubuhi. Bibi Minza alikuwa ameshakamua. Nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," akafurahi kusikia nesi anayeongea kama watu, akaniwekea kigoda. Jilala aliketi mlangoni akinitazama kwa jicho la pembeni. Limi alikuwa anajiandaa kwenda shule. Kando ya zizi alifungwa ng'ombe mmoja mwekundu peke yake, amependeza, ngozi inang'aa. Mama Limi akatoka na kidonge kwenye kiganja. Na hapohapo, kama jambo la kila siku, Bibi Minza akachukua kibuyu, akamimina maziwa kwenye kikombe cha bati mpaka yakakaribia ukingo, akampa mwanawe. Jilala akaweka kidonge mdomoni, akanywa kikombe chote bila kupumzika. Mama Limi akanigeukia na uso wa mtu aliyeshinda kesi.

Semina ya dawa tuliyopata kwa mfamasia wa wilaya ilinirudia neno kwa neno: vidonge vya aina ile vikikutana na maziwa tumboni, maziwa yanavishika, na dawa nyingi inapita bila kuingia kwenye damu. Na jioni? Nikauliza. Jioni vilevile, kikombe kingine.

Msishangae kwamba hawakutuambia. Kwetu sisi wafugaji maziwa si kitu cha kutaja. Muulize mtu asubuhi kama ametia kitu tumboni, atakwambia bado, naye ndevu zina povu. Tena sisi wenyewe kliniki tulikuwa tumewaambia asimeze tumbo likiwa tupu, nao wakatii. Na kwenye karasha kila mtu anajua kwamba vumbi huoshwa kwa maziwa. Hata wenye mashine huwagawia vijana wao maziwa baada ya kazi, na wanajihesabu watu wema.

Yule ng'ombe mwekundu nikaelezwa habari zake bila kuuliza. Jilala aliporudi kutoka machimboni akitema damu, baba wadogo walewale waliokaa kikao walimtoa zizini na kumtenga, maziwa yake yawe ya kifua cha Jilala tu. Mgeni hapewi, na Limi mwenyewe hajawahi kuyaonja. Bibi Minza alikuwa anamkamua kwa mkono wake, hakumwachia mtu mwingine, na kumimina kile kikombe ndiyo ilikuwa ibada yake ya asubuhi na jioni. Alinieleza haya akitabasamu, na mimi nikatamani ardhi inimeze kidogo.

Ningeweza kumvuta Jilala pembeni nikamnong'oneza. Lakini yule mama angeendelea kumimina, na hakuna mwana anayekataa kikombe cha mama yake kila siku. Ilibidi asikie yeye. Nikasogeza kigoda karibu naye, nikamweleza polepole kwa Kisukuma: dawa hii na maziwa havipatani, vikikutana tumboni dawa inapotea. Hakunielewa mara ya kwanza. Mara ya pili alielewa. Akautazama mkono wake wa kulia, akauweka juu ya paja.

"Kwa hiyo ni mkono huu," alisema. "Mnamuuliza mwanangu vidonge vinakwenda wapi, kumbe ni mkono huu."

Nilimwambia kilichonijia, na bado naamini ni kweli. Nilimwambia mwanawe alifika hapo nyumbani ni mifupa, na nyama aliyonayo leo ni ya maziwa yale. Bila mkono ule tusingekuwa na mtu wa kumpa dawa. Maziwa hayana kosa na dawa haina kosa, ila visikutane. Kidonge kimezwe kwa maji, alfajiri na jioni, na maziwa yake yasubiri saa sita mchana, jua likiwa utosini. Aliitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka, naye hayafuti. Jilala aliinuka, akaenda kusimama karibu na ng'ombe, akatupa mgongo.

Baba wadogo waliitwa wakaja. Yule mkubwa alinisikiliza akiwa amefumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema kwamba mganga hahami, anaweza kusubiri kozi moja. Nikashukuru, "Wabeja, baba," nikarudi kazini na mavumbi ya njia nzima kichwani. Daktari nilipomsimulia aliweka kalamu chini. Siku iliyofuata alimwita Jilala ndani, akamwomba radhi mbele ya mkewe. Si wengi wanaofanya hivyo, na nilimpenda zaidi tangu siku ile.

Kozi ile ilifanya kazi. Kwanza harufu iliondoka, kisha kijani kikapauka, kisha kikopo kikabaki na kidogo chini. Siku moja nilimwona kupitia dirishani akitembea kutoka getini hadi mlangoni bila kusimama. Alipofika akajifanya anatafuta mahali pa kusimama, ili anichekeshe. Nilicheka, kisha nikaenda stoo kulia kidogo. Stoo ile ina faida zake, mtazijua.

Hakupona, nilishawaambia. Kila kiangazi vumbi likiamka na kifua chake kinaamka, na kozi inarudi. Aliweka matofali chini ya kitanda chake mwenyewe, akatengeneza chupa ya kupuliza, akafungua kibanda cha kuchaji simu, Limi akaingia sekondari. Wale wagonjwa wapya waliokata tamaa nilikuwa nawapeleka wakaongee naye. Aliwafundisha kupuliza, akawauliza kama wanafuga.

Jambo moja tu lilinikaa rohoni. Mama Limi aliniambia kwamba tangu asubuhi ile Bibi Minza hakuwahi tena kummiminia mwanawe maziwa. Anakamua, anakiweka kibuyu kwenye mkeka, anatoka nje. Saa sita ikifika anamimina Mama Limi, au Limi akiwepo. Walimsihi, akasema mkono wake hauna bahati. Nilipopita pale mara kwa mara nilimkuta ameketi nyuma ya nyumba wakati wa kikombe kile, akitazama kivuli chake kikifupika. Niliongea naye nikaongea. Mtu akijihukumu mwenyewe, nesi hana dawa.

Mwaka wangu wa mwisho wa kazi vile vidonge vilianza kuchoka. Kozi zikakaribiana. Daktari bingwa aliyekuwa akitutembelea alimpima upya, akahakikisha kifua kikuu hakijarudi, akapima moyo na masikio, kisha akamwanzishia vidonge vingine vya kumeza mara tatu kwa wiki kwa muda mrefu. Nilipokwenda kuvichukua dirishani nilimuuliza mfamasia: na maziwa? Akatazama, akasema hivi havina shida na maziwa. Nikamuuliza tena. Akaniuliza kama masikio yangu nayo yapimwe.

Ningeweza kumwambia Jilala palepale kliniki. Sikumwambia. Wiki yangu ya mwisho kazini nilipanda bodaboda alfajiri kama ile mara ya kwanza, vidonge vikiwa kwenye mkoba wangu. Ng'ombe mwekundu alikuwa amekufa, mahali pake amefungwa ndama wake aliyekuwa sasa ng'ombe mzima, mwekundu vilevile. Bibi Minza alikuwa amepungua, macho yamefanya ukungu, lakini ameshakamua, kibuyu kipo kwenye mkeka. Aliponiona alianza kujiinua aende nyuma ya nyumba. Nikamshika mkono, ule wa kulia, nikamwambia dawa imebadilishwa, na hii mpya inapatana na maziwa.

"Ya saa sita?" aliuliza.

"Hata ya asubuhi, mayu."

"Pamoja na kidonge?"

"Pamoja na kidonge."

Alimgeukia mkwewe kuona kama nesi anamfurahisha tu mtu mzee. Mama Limi akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani, akatoka na kile kikombe cha bati. Bibi Minza alichukua kibuyu. Akamimina, maziwa mengine yakamwagika kwenye mkeka, na hakuna aliyesogea kumsaidia. Jilala alikishika kikombe kwa mikono miwili, akangoja mpaka kijae. Akaweka kidonge mdomoni, akanywa. Mama yake alikuwa ameinama karibu kabisa, kwa yale macho yake ya ukungu, akilitazama koo lake likipanda na kushuka mpaka kikombe kikaisha, kisha akamuuliza kama amwongezee.